Mji Nilioutoa kwa Kitendawili

Mji wa Rombeza uliliwa saa tatu na robo asubuhi, mimi nimekaa barazani nimenyoosha miguu, pembeni yangu tangawizi imeanikwa mkekani. Watu mia tatu na kumi na wawili. Sikusikia hata kishindo. Kilichonishtua ni wifi yangu Nakunda, aliyekuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, alivyopiga yowe la msibani mpaka kuku wakaruka uzio.

Lakini ngojeni. Nikianza na yowe mtadhani tulifiwa nyumbani. Niwape ilivyokuwa tangu kwenye uji.

Asubuhi ile tulikuwa tunatayarisha maoni yangu. Kila Jumamosi saa sita mchana natoa Maoni ya Bibi Namsifu juu ya gemu zilizotoka na zinazokuja, huu ni mwaka wa tisa, na watu wananisikiliza kuanzia hapa milimani Upare mpaka nchi nisizojua zilipo. Msishangae bibi kuwa bingwa wa gemu. Zahanati ndiyo ilitugawia ushungi wa kuchezea. Unajitanda kichwani kama unayekwenda ibadani, ukiushusha machoni umeshaingia dunia nyingine. Walisema ni dawa ya usahaulifu. Vijana wanashinda kazini, sisi wazee tuna muda. Sasa nani awe bingwa?

"Hilo la mpira utalisemaje?" Nakunda aliniuliza. Yeye ni dada wa marehemu mume wangu, na kazi yake katika maoni yangu ni kunipinga.

"Zuri. Ila wachezaji hawachoki. Mtu akimbie dakika tisini asikohoe hata mara moja?"

"Na la mapishi?"

"Aliyelitengeneza hajawahi kumenya ndizi mbichi. Utomvu haugandi mkononi. Nampa nyota mbili, moja ya huruma."

"Sema ukweli, wifi, unalichukia kwa sababu uliunguza wali."

"Niliunguza wali wa gemu. Wewe uliunguza wa harusi."

Alicheka mpaka uji ukampalia. Punda wa chuma wa ushirika akapita chini ya baraza na magunia yake ya tangawizi, akatusalimia kwa ile sauti yake ya puani, tukamwitikia kwa sababu ya adabu tu.

"Na lile linalokuja, la safari ya mwezini?"

"Wamenionjesha. Unakaa na mwenzako kwenye chombo miezi sita na hakuna anayesema neno."

"Kumbe unalijua tayari. Si ndivyo ulivyoishi na kaka yangu?"

Nikamrushia kipande cha tangawizi. Tulikuwa tunacheka hivyo, jamani, robo saa kabla.

Gemu la siku ile lilikuwa Miji Arobaini, la Karakana ya Nyenje. Lilikuwa halijaanza kuuzwa. Watu milioni mbili walikuwa wameshaagiza, wanasubiri tu nitoe maoni yangu wajue kama wamekosea. Nilipewa dunia yangu nilicheze wiki tatu, pamoja na Nakunda. Na niwaambie siri ambayo nilikuwa nimepanga kuitoa hadharani mchana: sijawahi kupenda gemu kama lile.

Nililipenda kwa sababu ya wandani. Ndivyo tunavyowaita watu wa ndani ya gemu. Wandani wa gemu za zamani walikuwa na maneno matatu, ukiwauliza njia leo na kesho wanakujibu kama kasuku. Wa Miji Arobaini wanakumbuka. Ukimwambia mwandani kwamba mwanao anaumwa, kesho atakuuliza amelalaje. Na kitu cha pili, neno la mchezaji mle ndani ni sheria. Siku ya kwanza nilisema "hapa pawe na kisima," maji yakafoka yakanilowesha sketi. Nakunda aliomba goti jipya, akalipata, akacheza ngoma hadharani bila aibu.

Nikashusha ushungi.

*

Mwandani wangu alikuwa fundi cherehani, jina lake Kadara. Kibanda chake kilikuwa katika mji wa Lungumo, juu ya mto, na ng'ambo ya mto ndiko Rombeza, unaona moshi wa majiko yao. Kadara alikuwa mrefu, mwembamba, ana tabia ya kushika pini mdomoni na kuongea nazo. Siku ya kwanza nilipomwambia "kitendawili," alijibu "tega" kabla sijafunga mdomo. Nilidhani ni bahati. Tangu hapo kila asubuhi tulitegana.

"Shikamoo, Bibi. Umechelewa."

"Marahaba. Nilikuwa nagombana na wifi. Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Ana jicho moja, analia uzi."

"Sindano. Ah, Bibi! Unanitegea vitu vya mezani kwangu?"

"Nilitaka nione kama umeamka."

"Nimeamka." Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa shati. Hakuwa anafanya hivyo kila siku. "Tangu juzi sijalala sana. Nimetunga changu. Kitendawili."

"Tega."

"Nilizaliwa na meno yote, mama yangu sauti."

Nimekulia kwenye vitendawili. Tulitegana tukichunga mbuzi, tulitegana tukichambua maharage, na shule yangu ya msingi yote nakumbuka zaidi vitendawili kuliko hesabu. Cha mtu aliyezaliwa wiki tatu zilizopita kitanishinda?

"Redio," nikasema.

"Redio haina meno."

"Mwangwi."

"Nao hauna."

"Msumeno!"

Akacheka. "Msumeno mama yake sauti?"

"Msumeno wa binamu yangu ulikuwa unalia mpaka kijiji cha pili. Basi, nimeshindwa."

"Nipe mji."

Nyote mliokulia kwenye Kiswahili mnajua. Ukishindwa, unatoa mji. Nilikwisha kutoa Tanga na Mombasa, nilikwisha kutoa Unguja yote na watu wake kwa ajili ya kitendawili cha yai, na Unguja bado ipo. Nilitazama ng'ambo ya mto, nikaona moshi, nikasema kama ninavyosema tangu nina miaka sita:

"Nakupa Rombeza."

"Nimekwenda Rombeza," Kadara alisema, "nimekula, nimeshiba." Halafu akainamisha uso kama mtu anayekiri jambo. "Jibu ni mimi, Bibi. Nilizaliwa mtu mzima, na aliyenizaa ni sauti. Nadhani ni yako."

Ndipo niliposikia yowe la Nakunda.

*

Nilipandisha ushungi. Nakunda alikuwa amesimama katikati ya tangawizi, mkono wa kulia umekunja vidole kama umeshika kitu.

"Nilikuwa nimemshika mkono, Namsifu! Nilikuwa nimemshika!"

"Nani?"

"Bi Shangwe! Alikuwa ananiuliza habari ya goti, hili la kweli. Akafika katikati ya neno. 'Usiku lilikuu...' Hakumaliza. Mkono ukawa hewa. Nyumba zikawa hewa. Nimesimama kwenye weupe, wifi, hata kivuli changu hakipo."

Bi Shangwe alikuwa mwandani wake, muuza maandazi wa Rombeza. Nilimcheka Nakunda sana juu ya urafiki ule. Sasa nilirudi ndani kidogo, nikatazama ng'ambo ya mto. Hapakuwa na ng'ambo. Maji yalikuwa yanafika katikati yanakatika kama kitambaa kilichopitishwa mkasi.

Nikampigia binti wa Karakana, Elieshi, ambaye ndiye alikuwa mwangalizi wa dunia yangu. Sura yake ikatokea ukutani, ana kikombe cha chai.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mama. Maoni yako tayari?"

"Marahaba. Elieshi, mji umepotea."

Alitabasamu, akageuka kuangalia mitambo yake. Nikaona tabasamu linabaki mdomoni huku macho yameshaondoka. Kikombe alikiweka chini bila kuangalia, chai ikamwagika.

"Bibi, ulisema nini? Neno kwa neno."

Nikamwambia.

"Ulimpa," alisema polepole. "Neno la mchezaji ni sheria. Ulisema nakupa Rombeza, mji ukawa mali yake. Na mji ukishakuwa wake, neno lake juu ya mji ule nalo ni sheria. Akasema amekula."

"Ni kitendawili, mwanangu! Hakuna anayekula mji!"

"Yeye angejuaje?"

"Kwani nani aliwafundisha wandani vitendawili?"

Elieshi alibonyeza kitu kwenye mitambo yake kabla ya kujibu.

"Wewe, Bibi. Tulitaka wandani wanaozungumza kwa upendo. Tulisikiliza watangazaji, walimu, wachungaji, wote wanaongea kama wanauza kitu. Tukachukua maoni yako ya miaka tisa yote, kila Jumamosi, tukawalea wandani wote kwa hayo. Ruhusa uliitia kidole mwaka juzi. Katika kila kipindi unatega kitendawili, unajibiwa "tumeshindwa," unapewa mji. Nimeyafungua hapa mbele yangu. Unasema: nimekwenda, nimekula, nimeshiba, jibu ni hili. Kila mara. Hakuna mahali unaporudi."

Hapo nikaona kosa langu. Maana mchezo hauishii kushiba. Bibi yangu aliyenifundisha alikuwa anamaliza hivi: nimewaaga wenyeji, nimewaachia mji wao, nimerudi salama. Ndiyo heshima yenyewe. Unakula mji wa watu kisha unawarudishia. Lakini kwenye kipindi watu walikuwa wananiandikia, Bibi, toa jibu haraka, Bibi, unatuchelewesha. Nikakata kuaga. Nikakata kurudi. Miaka tisa nimefundisha kula tu.

"Rudisheni," Nakunda alisema. "Ninyi ni mafundi. Rudisheni."

"Kusema tu hakutoshi: hata Kadara akisema amewaachia, kilicholiwa hakipo tena, na Bibi akisema pawe na mji utakuja mji mwingine, siyo watu walewale. Kuna njia moja, Mama. Tuna nakala ya dunia yenu ya siku ya kwanza. Bibi akiingia akasema 'turudi mwanzo,' itarudi yote, na Rombeza ndani yake. Ila ni yote. Siwezi kuchomoa mji mmoja, ni kama kuchomoa chumvi kwenye mchuzi."

"Na Kadara?" nikauliza.

"Kadara atarudi alivyokuwa siku ya kwanza. Anashona, anatega." Aliangalia mitambo tena. "Bibi, nimepita miji yote sasa hivi. Wengine hawajawahi kujiuliza wao ni nani. Huyu peke yake ndiye aliyejitambua, na amejitambua juzi. Huyo wa juzi hatakuwepo."

"Mnakilini kwanza, mumweke pembeni."

"Kunakili kunachukua siku mbili. Nakala ya kwanza inafutwa leo saa sita ili toleo la kuuza likae mahali pake. Nimemwomba mkuu sasa hivi asogeze mbele. Amekataa." Akafuta machozi kwa kiganja, haraka, kama anafuta jasho. "Hilo neno linakubali sauti ya mwenye dunia tu. Siwezi kukusaidia kulisema."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Nakunda alinitazama.

"Wifi, ni watu mia tatu."

"Najua kuhesabu."

"Basi unangoja nini?"

"Nangoja nimwambie. Nawe usinisukume, Nakunda."

*

Kadara alikuwa ameendelea kushona. Aliponiona alisimama.

"Bibi, ng'ambo kumekuwa kweupe. Sijui ni ukungu gani ule."

"Si ukungu. Ni mji nilioutoa, ukasema umekula."

"Si ndivyo tunavyocheza? Mji unaliwa, jibu linatolewa."

"Kuna sehemu ya mwisho. Unawaaga wenyeji, unawaachia mji wao, unarudi."

Nilimwona anavyoipokea. Alitazama weupe ule, akatazama mikono yake, akaificha nyuma.

"Kuna kurudi?"

"Kuna kurudi."

"Hukunifundisha."

"Sikukufundisha."

Akakaa chini, siyo kwenye kiti, chini kabisa kwenye vipande vya nguo. Nami nikakaa, magoti yakilia. Nikamweleza yote bila kupamba: nakala, siku ya kwanza, neno ambalo mimi peke yangu naweza kulisema. Aliuliza maswali machache, ya fundi, ya vipimo. Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na mimi?"

"Utakuwepo. Utashona. Lakini hutajua kwamba wewe ni wewe."

"Basi huyo siyo mimi."

"Siyo wewe."

"Sitaki, Bibi."

Nimezaa watoto watano. Nimesikia sitaki za dawa, sitaki za shule, sitaki za kuachishwa ziwa. Hiyo sikuwahi kuisikia, na wala sikujua mkono niuweke wapi. Niliuweka begani kwake. Ushungi ule ni fundi mbaya. Nilisikia mpaka joto lake.

"Wale hawakujua kwamba wapo," alisema. "Uliwauliza? Mimi najua. Nilikaa siku tatu nimejua, mchana nashona, nikitazama mto nasema, huyu anayeutazama ni mimi. Ni siku tatu tu, Bibi."

"Sikuwauliza. Hilo ndilo linanikaba. Wewe umesema hutaki, nami nimekusikia. Wale kila mmoja angeweza kusema, hata kwa kujikunyata tu, hakuna aliyewapa nafasi. Bi Shangwe alikuwa anamuuliza mwenzake habari ya goti. Amekatwa katikati ya neno kwa sababu mimi nimezoea kutoa miji kwa kinywa."

"Basi kosa ni lako."

"Ni langu."

"Na anayeondoka ni mimi."

"Ni wewe."

Nilitaka anitukane. Hakunitukana, alikuwa amelelewa kwa sauti yangu isiyojua matusi. Alichukua pini moja akaichezea.

"Inauma?"

"Sijui, mwanangu. Sitakudanganya."

"Ngoja kesho."

"Hakuna kesho ya kungoja. Ni saa sita."

"Ngoja saa sita, basi."

"Nikingoja saa sita sitaweza. Najijua."

Aliichoma ile pini kwenye mkono wa shati. Kisha nikaona macho yake yanang'aa, kama mtoto aliyepata hila, na kabla hajafungua mdomo nikataka kumzuia. Maana nilijua atakachosema. Ningekuwa yeye, nami ningesema hilohilo.

"Bibi," alisema. "Kitendawili."

Jamani. Tangu nimejua kuongea, hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno lile nisimwitikie. Hata bibi yangu, siku anakata roho, alilisema kwa midomo tu, nikamwitikia. Ulimi wangu ulikwisha kupanda juu ya meno kutamka. Alikuwa ananitazama, ameegemea mbele, anangoja neno moja dogo, na nililijua: nikilitamka atatega, na nikishasikia atakachotega nitataka kujua jibu, na jua litafika kichwani.

Nikalimeza neno lile. Nikasema, "Turudi mwanzo."

*

Alinitazama kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Karibu, mgeni. Nikushonee nini?"

Nyuma yake, ng'ambo ya mto, moshi ulikuwa unapanda. Nilimwambia nitarudi siku nyingine, nikapandisha ushungi, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika uji wote.

Niliporudi Nakunda alikuwa anapandisha ushungi wake, ametoka kumwona Bi Shangwe. Nilidhani atashangilia.

"Yupo?" nikamuuliza.

"Yupo. Maandazi yapo." Alikaa taratibu kwenye ukingo wa baraza. "Ameniuliza jina langu nani." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe ukoo ule, alinishika mkono bila kunitania. "Umefanya vizuri, wifi," alisema, na nilisikia kwamba hana hakika.

Saa sita kasoro dakika tano Elieshi alitokea ukutani. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amebadilisha blauzi; mkuu wake alikuwa kwenye mstari, anasikiliza.

"Bibi, mkuu anashukuru sana. Hitilafu imerekodiwa, wandani wa toleo la kuuza watafundishwa ile sehemu ya kurudi. Anasema watu milioni mbili wanasubiri, na kama hutajali, jambo la leo lisiingie kwenye maoni. Ni la kiufundi."

"Na huko kwenye hizo dunia milioni mbili," nikauliza, "Kadara yupo?"

"Katika kila moja, Bibi."

"Na atajitambua?"

Alitazama pembeni, nadhani alikokuwa mkuu. "Uwezo ni uleule," alisema.

Saa sita ikalia. Niliketi sawasawa, nikajifunga kanga vizuri, nikasalimia kama ninavyosalimia siku zote, na huko na huko wakaanza kuitikia, shikamoo, Bibi, tupe.

"Wanangu," nikasema, "leo sina kitendawili. Nimecheza Miji Arobaini wiki tatu. Nimecheza gemu kwa miaka tisa na sijaona zuri kama hili. Wandani wake wana roho nzuri kuliko majirani zangu wengi. Asubuhi hii, kwa uzembe wangu, nimeua mji mzima mle ndani. Ili niurudishe nimemwua mtu mmoja aliyekuwa anajua kwamba yupo. Nilimwuliza kwanza. Aliniambia hataki. Nikamwua. Mkilinunua, mtamkuta anashona, atawakaribisha vizuri sana. Msilinunue."